Tumetoa Mji, Jibu Liko Wapi?

Ting! Kwenye kona ya runinga kimechomoza kikombe kidogo cha shaba, na maandishi yanakupongeza kwa kufungua mlango. Mlango wenyewe haukuwa na kufuli, na usingeufungua gemu isingeendelea. Yaani umepongezwa kwa kutozima mashine. Pongezi za namna hii siku hizi zimejaa kila gemu, na mimi ninayecheza gemu tangu enzi za kanda za plastiki nina la kusema juu yake. Nina la kusema pia juu ya filamu moja ya upelelezi, The Snowman ya mwaka 2017, ambayo imenikera kupita kiwango ambacho filamu mbovu ina haki ya kumkera mtu. Mambo haya mawili hayaonekani kuwa na undugu. Yanao, na nitafika huko, lakini nisiharakishwe.

Kwa asiyewahi kushika pedi, trofi ni alama ambayo mashine inakuandikia ukifanya jambo fulani ndani ya gemu: umemwangusha adui mkubwa, umekusanya sarafu zote, umefunga bao la tikitaka. Haikuongezei uhai wala risasi. Inaingia kwenye akaunti yako na kukaa humo wenzako waione. PlayStation ina za shaba, fedha na dhahabu, na juu yake ipo platinamu, ambayo huipati mpaka umemaliza nyingine zote. Xbox inatoa pointi. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, inatoa vipicha tu, ila inaweka kando ya kila kipicha asilimia ya wachezaji waliokipata. Zipitie zile asilimia siku ukiwa na nafasi. Utaona kundi kubwa limevuka hatua ya kwanza, halafu watu wanapungua, wanapungua, na kwenye kipicha cha kumaliza hadithi wamebaki wachache. Watu walilipa fedha zao, wakaacha katikati, na ushahidi upo hadharani. Sijui kama kuna mtunzi wa riwaya angekubali kitabu chake kichapishwe na takwimu za waliokifunga ukurasa wa arobaini.

Mitaani kwetu trofi zina kituko chake. Kwenye vibanda vya PS, ambako watu hulipia kwa mechi na wanaosubiri zamu wanakupumulia kisogoni, ting hulia katikati ya mchezo na hakuna anayeshtuka. Trofi inaingia kwenye akaunti iliyofunguliwa kwenye mashine ile, yaani ya mwenye kibanda, ambaye muda huo yuko mlangoni anatafuta chenji. Mtu hajui hata kupiga pasi ya juu lakini akaunti yake imesheheni mabao ya vijana wa mtaa mzima. Heshima ya pale ni nyingine kabisa. Unakaa, unawapiga, anayepigwa anapisha, wewe unabaki kitini. Kesho yake hakuna ushahidi ila midomo ya watu, na midomo inatosha.

Wazo la kumpa mchezaji kitu cha kujionyeshea ni la zamani kuliko intaneti ya majumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Activision ya Marekani ilikuwa ikitengeneza gemu za mashine ya Atari 2600, na ndani ya vijitabu vyake iliwaambia wateja: ukifikisha alama kadhaa, ipige picha runinga yako, ututumie kwa posta. Kwa Pitfall!, gemu ya 1982 ya jamaa anayeruka mashimo na mamba msituni, zilitakiwa alama 20,000. Fikiria kazi yenyewe. Runinga ya chogo, kamera ya mkanda, taa za sebuleni umezima ili kioo kisirudishe mwanga, gemu imesimama pale pale maana ukigusa kitu alama zinapotea, na ukishabonyeza hujui picha imetoka au imeungua mpaka irudi kutoka kusafishwa. Halafu bahasha na stempu. Halafu kungoja. Kinachorudi ni kiraka cha kitambaa chenye nembo, ukishone kwenye jaketi uende nacho shule.

Kiraka kile nakipenda. Alikipata aliyekihangaikia, na asiyekitaka hakusumbuliwa.

Novemba 2005 Microsoft ilipoingiza Xbox 360 sokoni, kiraka kikageuka namba. Kila gemu ya dukani ilipewa pointi 1,000 za kugawa, na jumla ya pointi za mtu ikabandikwa kando ya jina lake. Steam ikafuata mwaka 2007, na Julai 2008 Sony ikaleta trofi kwenye PlayStation 3. Namba ikishakaa kando ya jina la mtu, mtu ataitafuta namba. Mmarekani Ray Cox, anayejulikana kwa wachezaji kama Stallion83, alikuwa wa kwanza duniani kufikisha pointi milioni moja, mwaka 2014. Uvumilivu wake nauvulia kofia. Ila njia ya kwenda kwenye milioni inapita kwenye gemu nyingi ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezicheza kwa kuzipenda.

Mfano ambao wachezaji wa Xbox hawausahau ni Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth, ya 2007. Gemu ya watoto, imetokana na katuni. Waliopanga pointi zake walizifunga zote kwenye idadi ya mapigo mfululizo: mapigo 10 unapata kitu, 20 unapata kitu, 30, 40, hadi 50. Kwa hiyo unasimama mwanzoni kabisa, mbele ya adui, unabonyeza kitufe kilekile bila kupumzika, na ndani ya dakika chache pointi zote 1,000 ziko kibindoni. Gemu hujaiona bado. Hujui steringi anaitwa nani. Watu waliikodi kwa kazi hiyo tu na kuirudisha, na kwenye akaunti zao inaonekana imekamilika kwa asilimia mia moja, sawasawa na gemu iliyomtoa mtu jasho kwa mwezi mzima.

Sasa, kuna utafiti mmoja unaonijia kila ninapoisikia ting. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti kama wakichora. Kundi la pili walichora, kisha wakapewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu hawakupewa kitu. Majuma yakapita, kalamu zikarudishwa darasani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kidogo zaidi, kama nusu ya muda wa wenzao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walishaliona. Lakini tazama kundi la pili: cheti cha kushtukiza hakikuwaharibu. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye cheti chenyewe, na mimi siungani na wazee wenzangu wanaotaka trofi zote zifutwe. Kinachouma ni ile ahadi inayotangulia mbele ya mchezo na kuufanya mchezo uwe kibarua.

Na zipo trofi ambazo zilimfanya mtu aione gemu kwa macho mapya. Dead Rising ya Capcom, ya 2006, inakufungia ndani ya jengo la maduka kwenye mji wa kubuni wa Willamette huko Marekani, na mji wote umegeuka mazombi. Mji una wakazi 53,594. Ipo trofi ya kuua mazombi 53,594. Unapoiona mara ya kwanza unadhani ni namba ya kukomoa watu, mpaka unapokumbuka ile idadi ya wakazi. Hapo namba inakuwa sehemu ya hadithi, tena sehemu ya kutisha, maana inakuambia umalize mji mzima, mwenye duka, mwanafunzi na bibi yake. Gemu inakupa saa 72 za ndani yake, ambazo kwa saa ya ukutani ni kama sita. Kwa rungu huwezi. Walioiweza walishuka kwenye mahandaki yaliyo chini ya jengo, wakachukua gari, wakazunguka humo kwa saa nyingi wakikanyaga. Kazi ya kijinga, nakubali. Lakini atakayeifanya atakuwa ameijua ile gemu kona hadi kona.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya yule kizee. Half-Life 2: Episode Two, ya kampuni ya Valve, ilitoka mwaka 2007. Mapema kwenye safari unakuta kisanamu cha bustani, kizee mfupi mwenye ndevu na kofia ya ncha. Hana kazi. Hafungui mlango, hazuii risasi. Trofi inakutaka umbebe kutoka pale ulipomkuta hadi karibu na mwisho wa gemu, umweke ndani ya roketi inayosubiri kurushwa. Na safari yote hiyo ni ya mapigano, huku mikono miwili ya mchezaji inamtosha kushika ama silaha ama kizee. Ukitaka kupigana unamtua. Ukimaliza unamtafuta ulimtua wapi. Ikifika sehemu ya gari ndiyo balaa lenyewe: gari halina paa la maana, helikopta inakufukuza na kudondosha mabomu, na kila tuta unaloruka kizee anachomoka na kwenda kubiringika porini. Unafunga breki, unashuka katikati ya moto, unamwokota, unampachika tena kwenye kiti, unaondoka. Mita mia mbili mbele, tuta lingine.

Barabara ile ambayo mchezaji wa kawaida anaipita kwa kasi bila kukumbuka chochote, aliyembeba kizee anaijua tuta kwa tuta. Anajua pa kukata kona polepole na pa kukanyaga mafuta. Mtunzi aliweka kijitu kisicho na faida ndani ya gemu na kukifanya kiwe sababu ya kuangalia kila kitu kingine. Valve wenyewe walikipenda kiasi kwamba Novemba 2020, kampuni ya Rocket Lab iliporusha roketi yake kutoka New Zealand, ndani kulikuwa na kisanamu halisi cha yule kizee. Aliyelipia ni Gabe Newell, bosi wa Valve, na aliahidi kutoa dola moja kwa hospitali ya watoto ya Auckland kwa kila mtu atakayetazama urushaji ule.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Trofi ina thamani ya umakini iliouomba kwako na jinsi ilivyoulipa. Na hilo ndilo hasa linalonirudisha kwenye filamu, kwa sababu filamu ya taharuki nayo ni mkataba wa umakini. Mtunzi anakuambia: angalia vizuri, kila kinachopita hapa kina sababu. Wewe unaacha simu, unahesabu nyuso, unakumbuka nani alivaa nini.

The Snowman ilikuwa na kila sababu ya kuwa nzuri. Riwaya yake ni ya Jo Nesbø wa Norway, ilitoka 2007, ya saba kwenye mfululizo wa mpelelezi mlevi Harry Hole. Martin Scorsese alitajwa kwanza kuwa mwongozaji, akaishia kuwa mmoja wa wazalishaji. Kiti kikaenda kwa Tomas Alfredson wa Sweden, aliyetupa Let the Right One In mwaka 2008 na Tinker Tailor Soldier Spy mwaka 2011, filamu mbili zinazotisha kwa kunong'ona. Steringi ni Michael Fassbender. Wapo Rebecca Ferguson, Charlotte Gainsbourg, J.K. Simmons, Toby Jones, Val Kilmer. Mmoja wa wahariri wa picha ni Thelma Schoonmaker, mwenye Oscar tatu. Ukipewa orodha hiyo unakaanga bisi mapema.

Na inaanza vizuri, niseme haki. Nyumba moja peke yake kwenye theluji, mama na mwanawe mdogo. Anakuja mwanamume mwenye sare ya polisi, anamkalisha mtoto na kumuuliza maswali ya historia, na mtoto akikosa, kofi linakwenda kwa mama. Mwanamume anaondoka. Mama anamfukuzia kwa gari akiwa na mtoto, gari linaingia juu ya ziwa lililoganda, na mama anaachia usukani. Barafu inapasuka. Mtoto anatoka, mama anabaki ameketi, gari linazama naye taratibu. Dakika chache tu, maneno machache, na tayari una hofu na una maswali. Nilijisogeza kwenye kochi.

Kuanzia hapo filamu inaanza kumomonyoka. Tunamkuta Harry Hole amelala nje Oslo, baridi imemkaza. Tunaambiwa kwamba kesi zake zinafundishwa kwenye chuo cha polisi. Kuambiwa tunaambiwa, kuonyeshwa hatuonyeshwi, maana ndani ya saa mbili mpelelezi huyu hodari anafika sehemu za tukio akiwa amechelewa na kuondoka akiwa hajaelewa. Wanawake wanapotea theluji ya kwanza inapoanguka, na nje ya nyumba zao kunasimama sanamu la theluji. Simmons ni tajiri anayetaka kuuletea mji mashindano makubwa ya michezo ya baridi, na ana tabia chafu hotelini. Anatiliwa shaka muda mrefu, kisha filamu inamwacha pale pale kama abiria aliyeshushwa njiani. Kilmer ni polisi wa Bergen kwenye matukio ya miaka ya nyuma. Alikuwa ameugua saratani ya koo, na sauti tunayoisikia inaonekana imebandikwa, midomo inakwenda huku na maneno kule. Huyo simlaumu hata kidogo. Aliyeumwa ni yeye, walioamua matukio yake yakae vipi ni wengine. Polisi wanatembea na kidude kizito cha kurekodia ushahidi ambacho kinaelezwa kwa kirefu na kusaidia kwa kifupi. Nyumbani kwa Harry kuna fundi anayebomoa ukuta kutafuta ukungu. Nilimtilia shaka kwa nguvu zangu zote. Nani anaweka fundi wa ukungu kwenye filamu ya muuaji bila sababu?

Anayetaka kuiangalia bado aruke aya hii. Muuaji ni Mathias, daktari mpole anayeishi na Rakel, mwanamke ambaye Harry aliachana naye. Unamjua mapema, ila si kwa dalili. Unamjua kwa hesabu za mtu aliyezoea filamu: huyu yumo, anapewa muda, na hana kazi nyingine yoyote kwenye hadithi, basi ndiye. Ukimshika namna hiyo huna raha ya kumshika. Ni sawa na zile pointi 1,000 za kubonyeza kitufe kimoja.

Filamu ilipotoka na kusulubiwa na wahakiki, Alfredson alizungumza na shirika la utangazaji la Norway, NRK, na akasema jambo ambalo waongozaji hawasemi. Fedha na ruhusa vilikuja ghafla, muda wa kupiga picha Norway ukawa mfupi mno, na walipokaa mezani kuunganisha waligundua kwamba sehemu ya hadithi haipo. Haikukatwa, haikupigwa kabisa. Alikadiria asilimia 10 hadi 15 ya mswada. Nilipoisoma kauli ile nilicheka, halafu nikakasirika upya, kwa sababu ya lile tangazo. Mnalikumbuka? Karatasi nyeupe, mwandiko wa kitoto, kichoro cha sanamu la theluji, na maneno ya muuaji akimsuta polisi kwamba dalili zote alikwishampa. Lilibandikwa hadharani, likageuzwa kichekesho duniani kote. Muuaji anaapa ametoa dalili zote, na mwongozaji anaapa hazikupigwa picha.

Nyumbani kwetu tunao mfano wa mtu wa namna hii. Jioni, watoto wamekaa, mmoja anatega kitendawili. Wenzake wanajaribu, wanakosa, wanajaribu tena. Wakishindwa anadai mji, wanampa Mombasa au Tabora, anakwenda huko kwa maneno, anajisifu alivyopokewa, anarudi, kisha anategua. Hiyo ndiyo sheria, na kila mtoto anaijua. Anayechukua mji na kuondoka bila kutegua hatamkuta mtu wa kumjibu "tega" kesho yake. The Snowman ilichukua mji. Ilichukua na saa mbili za Jumamosi yangu, na filamu inaisha Harry akijitolea kwa kesi mpya, yaani akidai mji wa pili.

Kaka mmoja ninayebishana naye filamu miaka yote ananiambia, "Wewe nawe, ile ni muvi, si mtihani wa taifa. Umeona theluji, umeona damu, umelala vizuri, unataka nini tena?" Ana hoja, na kwa filamu za ngumi na magari ninamkubalia mia kwa mia. Sijawahi kudai maelezo kwa nini gari limelipuka. Ila filamu ya ngumi haikuniomba nikumbuke kitu. Hii iliniomba.

Halafu nikawaza kwamba ingekuwa imepita kwenye vibanda umiza vyetu ingepona. Kizazi changu kilikulia kwenye filamu zilizosimuliwa na Lufufu, na majirani zetu Kenya wana DJ Afro. Hawa hawatafsiri tu. Pengo wakiliona wanalijaza. Fundi wa ukungu angepewa jina, kijiji alikotoka na deni analomdai Harry. Yule tajiri wa hotelini angeelezewa mwisho wake hata kama kwenye picha haumo. Asilimia 15 ni kitu gani kwa mtu aliyeweza kusimulia filamu ya Kichina iliyokatika mwanzo na mwisho, na watu wakatoka wameridhika? Norway walikuwa na Schoonmaker, mhariri mkubwa kabisa, lakini mhariri anafanya kazi na picha zilizopo. Walichokosa ni msimuliaji asiyeogopa kutunga.

Mkataba wa umakini unaweza kutimizwa, na uthibitisho mzuri kuliko wote niliouona haumo kwenye filamu. Ni gemu, Return of the Obra Dinn, ya 2018, iliyotengenezwa karibu yote na mtu mmoja, Lucas Pope, kwa zaidi ya miaka minne. Mwaka ni 1807. Merikebu ya biashara iliyodhaniwa imepotea inarejea Uingereza bila mtu hai hata mmoja ndani. Wewe ni mkaguzi wa kampuni ya East India, una daftari lenye majina 60, mchoro wa nyuso 60, na saa ya mfukoni ambayo ukiifungua mbele ya maiti inakupeleka kwenye sekunde aliyokufa. Kwanza giza na sauti tu. Kisha picha iliyoganda, unatembea ndani yake unavyotaka. Kazi yako ni kuandika kila mmoja alikuwa nani na alikufaje.

Hakuna mshale wa kukuelekeza. Kuna tukio moja kwenye chumba cha kulala mabaharia, machela zimeninginia, watu wamejifunika hadi kichwani. Unapita mara ya kwanza, unapita mara ya pili, huoni kitu. Siku nyingine, umekwama kwa watu wanne watano usiowajua kabisa, unarudi pale na kugundua kwamba machela zina vibandiko vya namba, na zile namba ni zile za kwenye orodha ya mabaharia. Lakini nyuso zimefunikwa. Ndipo unapoona miguu imetokeza. Soksi hii, kiatu kile. Unakwenda kwenye tukio lingine kabisa, la dhoruba, unaangalia miguu ya watu badala ya nyuso, na jina linakuja lenyewe. Niliinuka nikazunguka chumba.

Na gemu inakukubalia kwa namna ya ajabu. Haikuambii umepata mmoja mmoja. Inanyamaza mpaka uwe na watu watatu sahihi, ndipo inawaandika kwa wino wa kudumu. Kwa hiyo huwezi kubahatisha kirahisi kama mtu anayebonyeza kitufe. Hapo hakuna ting inayonishawishi kuendelea. Ile sekunde ambayo majina matatu yanakaa ndiyo kikombe chenyewe. Pope hakuacha kiatu bila mwenyewe. Kila jambo lililokupita mbele ya macho lilikuwa na sababu, na lilikungoja mpaka ulione.

Kuna ulinganisho mmoja unaonichekesha. Mchezaji wa gemu akiwa na asilimia 99 haonyeshi mtu akaunti yake. Anarudi usiku kutafuta ile moja. Studio ya filamu ikiwa na asilimia 85 inachapisha tangazo. The Snowman iligharimu takriban dola milioni 35 na kuingiza kama milioni 43 duniani kote, ambazo ukitoa fungu la majumba ya sinema ni hasara. Sehemu ya pili haikutengenezwa.

Nintendo, ambayo mpaka leo haijaweka mfumo wa trofi kwenye Switch, ilitoa maoni yake kuhusu ugonjwa huu wa asilimia mia mwaka huohuo wa 2017. Ndani ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild kuna mbegu 900 zilizofichwa chini ya mawe, juu ya miti, kwenye vilele vya milima. Mbegu 441 zinatosha kukuongezea mifuko yote ya silaha. Zilizobaki hazina kazi. Anayezikusanya zote 900 anapewa zawadi moja: kitu cha dhahabu kilichojiviringa, chenye umbo la kinyesi. Watu walilalamika. Mimi naona ndio watengenezaji waliomwambia mchezaji ukweli: ungefurahia milima kwa ajili ya milima, sisi hatukukutuma.

Ukiniuliza wikendi hii uangalie nini, tafuta Let the Right One In, umwone Alfredson alipopewa muda wa kutosha. Ukiwa na kompyuta, cheza Obra Dinn, daftari na kalamu ya kweli vikiwa mezani, na usisome msaada popote. The Snowman mimi nimeirudia, safari hii na kalamu mkononi, na bado sijajua yule fundi wa ukungu alifuata nini.